Shati Jeupe la Baba Neema

Ilomba, Jumanne usiku, Mei 1974

Karatasi za litmasi, zile zinazobadilika rangi, hakuna! Stoo ya shule tupu, na kesho nafundisha asidi na besi Kidato cha Pili. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Nikamkuta mama mkwe anafua shati jeupe la mume wangu, lile lililomwagikiwa mchuzi wa binzari Jumapili. Alipolipaka sabuni, doa la manjano likawa jekundu. Akapiga kelele, "Yesu wangu! Mama Neema, damu hii imetoka wapi?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sabuni ni besi! Nikalikamulia limau, doa likarudi kuwa la manjano. Sabuni tena, jekundu! Mama akasahau woga, akaninyang'anya limau. "Lete, na mimi nijaribu."

Litmasi tunayo, jamani, tena jikoni kwetu!

Baba Neema amelala. Hajui kwamba shati lake la kanisani tumelichovya lote kwenye binzari, tukalikausha motoni, na sasa ni vipande vya kutosha darasa zima. Naogopa atakavyouliza asubuhi.

Lakini aliyeshika mkasi ni mama yake.