Pilipili ya Bosko

Jumanne

Nyuzi nne. Achieng, binti yangu wa miaka sita, ameshonwa mkono leo. Mbwa wetu Bosko alimng'ata alipokuwa akimwekea ugali.

Jirani yetu, Mama Brayo, akafoka, "Huyo mbwa amechizi, Baba Achieng! Mtoe hapa plotini!" Nikatikisa kichwa kama mtu asiyejua kitu.

Ni mimi. Tangu wezi wabebe nguo zetu kwenye kamba, nimekuwa nikimtilia Bosko pilipili kwenye chakula na kumfungia gizani mchana kutwa, eti awe mkali. Mbwa hajamaliza hata mwaka.

Achieng ameniuliza, "Baba, kwani nilimfanya nini Bosko?"

Nikamwambia yeye ndiye aliyemshtua Bosko. Nimemwambia hivyo, mtoto wangu mwenyewe.

Sasa yuko dirishani na bandeji yake, anamwomba mbwa msamaha.