Kikiungua Kinakuwa Nini

Tarehe 3 Februari

Mwanangu wa pekee,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula na umelala vya kutosha. Mimi sijambo, ni kikohozi tu cha vumbi la dukani, na kwa dobi vumbi ni sehemu ya kazi. Koti lako la kazi ulilonitumia nilipunguze mikono limefika Jumanne.

Sijui nianzeje. Nilikata kamba, nikafungua karatasi, baba yako akaingia chumbani.

Usicheke. Sijasema nimemwona, nimesema aliingia. Ile harufu yake, tamu kama kakao iliyomwagika, halafu kwa chini ule ubaridi kama dawa ya kuchua kifua. Niligeuka kabisa kumwambia avue viatu. Miaka minne yuko kaburini na mimi nageuka kumwambia avue viatu.

Sasa nisikilize. Miaka ishirini na moja napiga pasi nguo za watu. Nikishika shati najua mwenyewe alikaa wapi na nyumbani alidanganya nini. Koti lako halijapita karibu na moshi. Harufu iliyomo ni ya sigara, lakini ni mbichi, haijaungua. Uliniambia unachanganya ladha kiwandani, na mimi nikawatangazia watu kwamba binti yangu anatengeneza peremende. Shoga yangu anayepiga pasi meza ya pili ananiuliza kila wiki peremende zake ziko wapi. Nimjibu nini?

Niambie ukweli, mwanangu. Mikono nimeipunguza inchi mbili.

Mama yako anayekuwaza

*

Tarehe 11 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimepungua, na kama hakijapungua usikifiche. Mimi niko salama.

Ni kiwanda cha sigara. Nilijua nikikitaja hutajibu tena barua zangu. Niko chumba cha kuchanganya. Tumbaku inakuja kavu na kali, ukiivuta hivyo hivyo koo linakataa. Sisi tunainyunyizia sukari, kakao, asali kidogo, na zile za pakiti ya kijani tunazitia mnanaa. Kuna na dawa moja inanuka kama mkojo wa paka, hiyo tunaitia tumevaa barakoa. Tukimaliza inanukia, Mama, hata mimi nisiyevuta natamani kuitafuna.

Sasa kuna mvutano mkubwa. Kamati ya bunge inataka kupiga marufuku viongezo vyote. Madaktari wanasema ladha ndiyo inayoshusha moshi kifuani bila mtu kushtuka. Wakubwa wetu wanasema ubaya ni wa tumbaku yenyewe na kila mvutaji anaujua, sukari haina kosa, hivi ni vitu vya jikoni tu. Tarehe 18 Machi kiwanda kinapeleka watu wakazungumze, na meneja amenichagua mimi. Anasema nina uso wa kuaminika. Nitasema kwamba hakuna kitu kwenye pipa langu ambacho nisingempa mama yangu ale. Nikifanya vizuri nitakuwa msimamizi wa chumba, na msimamizi anapewa nyumba ya vyumba viwili. Kimoja ni chako, utoke kwenye lile vumbi.

Nipe ruhusa nikutaje.

Mwanao

*

Tarehe 20 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Afya yangu ni ile ile, ya kwako ndiyo inaninyima raha. Hiyo barakoa inaziba vizuri?

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa kidole. Maneno mengine nilimpa shoga anisomee, nikaziba palipoandikwa kiwanda kwa kidole gumba. Akaniangalia. "Kwa hiyo peremende hakuna," akasema. Nikamwambia hakuna.

Mimi shule niliishia darasa la nne, mambo ya kamati siyawezi. Nina swali moja la kidobi. Shati likimwagikiwa soda, ukiliwahi kwa maji, soda inatoka na hakuna ugomvi. Lakini lije limekauka, mimi nisione, nipitishe pasi ya moto, pale sukari haiwi sukari tena. Inakuwa kitu cha kahawia kinachong'ang'ania pasi, na moshi wake unanitoa machozi. Na ni sukari hii hii niliyotia kwenye chai asubuhi. Sasa hivyo vitu vyenu vya jikoni hakuna anayevila. Vinachomwa. Muulize meneja wako, kikiungua kinakuwa nini?

Ruhusa sijaitoa. Koti pia sijalituma, nisamehe. Nimelitundika nyuma ya mlango kando ya lile la baba yako. Saa kumi, wakati wake wa kurudi kutoka kazini, chumba kinajaa. Jana nilisikia sakafu ikilia pale alipokuwa anasimama kutundika kofia. Labda ni mbao. Lakini milio ya nyumba hii naijua yote, na ule haukuwa wake.

Mama yako

*

Tarehe 27 Februari

Mama,

Shikamoo. Barakoa inaziba, usiwe na wasiwasi. Wewe je, umekwenda kupimwa?

Swali lako nimemuuliza meneja mbele ya wenzangu. Alicheka, akasema, "Mwambie mama asilambe pasi." Chumba kizima kikacheka, na mimi nikiwemo. Halafu akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia swali hilo lisinitoke mdomoni siku ya kamati. Tangu hapo najiuliza. Kama ni swali la kijinga, mlango aliufungia nini?

Na kuna jambo jingine. Kwenye mafunzo walitueleza wanaonunua pakiti ya kijani ni akina nani. Wengi ni watu waliotaka kuacha. Wanakohoa, koo linauma, wanatafuta kitu laini. Nikamkumbuka Baba. Nilikuwa darasa la sita alipoacha, akawa anatafuna njiti za kiberiti mpaka ukamficha kiberiti. Halafu siku moja akarudia, na zikawa za kijani. Nani alimrudisha? Kama ni rafiki yake nataka kumjua. Huyo ndiye nitakayemtaja, sitakutaja wewe.

Mwanao

*

Tarehe 8 Machi

Mama,

Shikamoo. Siku tisa hujanijibu. Wewe hata ukiwa na homa hunyamazi siku tisa. Kama nimekuudhi nigombeze, nimezoea. Zimebaki siku kumi na sijui nitasimama kusema nini.

Mwanao anayesubiri

*

Tarehe 12 Machi

Mwanangu, kipenzi changu,

Marahaba. Leo usiniulize hali, nitaisema mwenyewe.

Alikuwa ameacha siku kumi na tisa. Nilikuwa nazihesabu kwa vifungo, kila siku kifungo kimoja kwenye kopo. Alikuwa hapati usingizi, anatetemeka, anakohoa kuliko alipokuwa anavuta. Nilimwonea huruma. Dukani nikaona pakiti ya kijani, muuzaji akaniambia, "Hizi ni baridi, mama, hazikwaruzi." Nikaomba ninuse. Ikanukia ile dawa niliyokuwa nakuchua kifuani ulipokuwa mdogo. Nikasema mtu aliyetia dawa humu ametufikiria wagonjwa.

Nilinunua mimi. Kwa mkono wangu. Nilimpigia pasi shati la kazi, nikaitia pakiti kwenye mfuko wa kifuani na mfuko nikaupitishia pasi taratibu usitune. Jioni akarudi anacheka. "Bibie," akaniambia, "hii ni kama kuvuta hewa." Zile kali alikuwa anavuta kumi kwa siku. Hizi zikafika thelathini, kwa kuwa hazikumkwaruza. Na mimi ndiye niliyekuwa naongeza mfukoni. Miaka saba, mwanangu. Nilikuwa namtibu.

Kwa hiyo rafiki unayemtafuta ni mama yako.

Sijamaliza. Tangu alipofariki nanunua pakiti ile ile. Saa kumi nawasha moja, naiweka kwenye kisahani, nafunga dirisha, nakaa. Sivuti. Naiacha iungue yenyewe, ndipo anapoingia. Miaka minne hajakosa hata siku moja.

Wiki iliyopita nilikohoa juu ya shuka nyeupe niliyokuwa nimemaliza kuinyoosha. Kikatoka kidoa cha damu. Shoga wa meza ya pili akaiosha kwa maji baridi, akanifungua aproni, akanipeleka hospitali. Daktari akaniuliza, mama unavuta? Nikasema sivuti. Akaangalia picha ya kifua changu, akaniuliza tena.

Majibu kamili bado. Sasa ruhusa yako hii hapa. Nitaje. Lakini usiseme ungenipa nile. Sema nilichofanya na kwa nini nilikifanya. Pakiti ilinukia dawa.

Ukiona vyumba viwili ni bora, sitakulaumu. Mimi nilishawahi kuchagua vibaya kwa sababu ya huruma.

Mama yako

*

Tarehe 19 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeibeba barua yako ndani ya nguo siku nne.

Jana meneja alizungumza kwanza. Akataja asali, kakao, mnanaa, akasema binti huyu angempa mama yake ale. Mwenyekiti wa kamati akanigeukia, "Ni kweli?" Nilikuwa na karatasi ya kiwanda mkono wa kulia. Nikasema mama yangu ameniandikia, naomba niisome barua yake. Nikasoma kuanzia siku ya kumi na tisa mpaka kwenye mfuko. Mbunge mmoja aliyekuwa na pakiti kwenye shati lake aliweka mkono juu yake, sijui alikuwa anaificha au anaishika.

Mwenyekiti akamuuliza meneja swali lako, neno kwa neno. Akajibu kwamba jambo hilo bado linafanyiwa utafiti. Miaka arobaini ya kiwanda, Mama.

Hawajaamua. Wameahirisha miezi sita. Mimi nimeamuliwa jioni ile ile: nirudishe kitambulisho, funguo na koti. Wanalitaka koti lao. Nitumie, nilikabidhi, kisha nakuja nyumbani mwisho wa mwezi. Sikulaumu. Nilikuwa nimekuja na hasira ya kumpa mtu, na huyo mtu hayupo.

Nimezikusanya nguo zangu zote za kazi nizichome, halafu nikakumbuka swali lako. Nimezitupa.

Mwanao

*

Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Koti lao liko ndani ya kifurushi hiki. Nimelifua mara nne, kwa sabuni ya mche, kwa magadi, nikalianika siku mbili juani. Ukiweka pua kwenye ukosi bado ipo. Wape hivyo hivyo. Mfuko wa kifuani nimeushona ukafunga, mishono midogo, hawataona mpaka mtu ajaribu kutia kitu.

La baba yako nalo nimelifua. Limekuwa koti tu.

Daktari anataka kuzungumza na mtu wa familia. Nimemwambia binti yangu anakuja. Akaniuliza unafanya kazi gani, nikasema uliacha.

Leo saa kumi sikuwasha kitu. Nilifungua dirisha, nikakaa na mikono mapajani. Sakafu haikulia. Nikasema basi, amekwenda zake, apumzike. Ndipo nikamsikia. Kile kikohozi chake, cha chini, kimya kidogo, halafu kingine chepesi kama mtu anayeomba radhi. Kilitoka karibu sana. Niliangalia mlangoni, mwanangu, niliangalia muda mrefu, mpaka nilipoona mkono wangu uko mdomoni.

Njoo mapema kidogo kama utaweza. Chumba ni kimoja, lakini kina hewa.

Mama yako