Jina Kwenye Safu ya Mwisho

Nyumbani, 3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unaendelea vizuri na kifua kimeanza kukuachia usingizi. Sisi hatujambo. Bibi anakusalimu sana, na anauliza kama huko wodini wamekupa blanketi la pili au wanakupima joto tu na kuondoka.

Nina habari. Mwalimu wa kompyuta ametuambia kila mmoja alete kitu cha kweli kutoka kwao, akiingize kwenye jedwali. Wengine wameleta kuku wa mama zao, mmoja ameleta mabao ya timu ya kaka yake. Mimi nimeleta kiwanja chetu cha bondeni. Kila tuta lina mstari wake, kwa majina yale yale unayoyaita wewe: tuta la bomba, tuta refu, tuta la kichuguu na mengine yote. Halafu kuna safu: zao, siku ya kupanda, siku ya kuvuna, maelezo. Safu ya mwisho ni mhusika. Hapo nimeandika "Baba", kutoka juu mpaka chini.

Safu ya maelezo bado iko tupu, maana yote unayo wewe kichwani. Naomba uniandikie. Nataka ukirudi ukute kiwanja kimejaa, kamati ya bonde isipate sababu ya kumpa mtu mwingine. Bibi anasema kompyuta haijawahi kushika jembe. Nimemwambia hata yeye mwaka huu hajalishika, akanifukuza jikoni.

Mwanao


Wodini, 16 Februari

Mwanangu, Karani wa bonde,

Marahaba. Mimi sijambo, ni kikohozi tu. Usishangae mwandiko. Mkono wangu unatetemeka, kwa hiyo anayeandika ni jirani yangu wa kitanda, fundi saa. Anasema ataandika bure, ila nisitarajie aandike upesi, kazi yake ni kuangalia vitu vidogo polepole.

Haya, jaza safu yako. Tuta refu lina kivuli asubuhi, lipe mchicha. La kichuguu hukauka haraka, bamia haitalalamika. Nyanya zipeleke tuta la juu, linalopata upepo. Tuta la bomba lina mnyauko. Nyanya, pilipili, biringanya na viazi usiviweke pale, wala msimu huu wala ujao. Mahindi ndiyo yanayoweza kuishi nao. Na ukitoka pale osha jembe na miguu kabla hujagusa tuta jingine, kwa sababu ugonjwa ule husafiri na udongo.

Mwambie Bibi blanketi la pili lipo. La tatu ndilo tunalogombania.

Baba yako


Nyumbani, 10 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kinaendeleaje? Hukuniambia kama bado kinatoa damu. Sisi ni wazima. Bibi anaumwa goti, lakini mdomo hauumwi.

Mvua imewahi, na tumeshapanda. Nakutumia jedwali lililochapishwa ulione. Nimejifunza kuyapanga mazao kwa herufi: unachagua safu, unabonyeza mara moja, yanajipanga yenyewe. Mwalimu amesema kazi yangu ni safi. Siku ya kupanda nilikata safu mbili tu, ya tuta na ya zao, nikaziweka mfukoni zisilowe, tukapanda kama zilivyosema. Nakala nyingine nimeibandika ukutani juu ya kitanda chako.

Mwanao, Karani


Wodini, 21 Machi

Karani wangu,

Marahaba. Mimi naendelea.

Nimelisoma jedwali, na fundi saa naye amelisoma, tukatazamana. Mstari wa tuta la bomba umeandika nyanya, na pembeni yake umeandika mnyauko. Fundi saa anasema ulipobonyeza, mazao yalihama na matuta yakabaki yamekaa pale pale. Kama hamjapanda, msipande. Kama mmeshapanda, tazama miche mchana. Ukiona mche umelegea na majani bado ni ya kijani, kata shina, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukishuka uzi mweupe kama maziwa, ng'oa yote, choma, weka mahindi. Usilie. Mimi nimepoteza nyanya nyingi kuliko hizo, na sikuwa na kompyuta ya kusingizia.

Sasa jambo kubwa. Ile safu ya mwisho, futa jina langu, andika lako. Kiwanja si mali yetu, ni cha bonde, na anayelima ndiye anayebaki nacho. Kamati hupita mvua zikiisha. Bwana Koti, yule anayevaa koti hata juani, amekitamani tangu zamani. Wakikuta jina la mtu aliyelala hospitali, watasema kiwanja nacho kimelala.

Baba yako


Nyumbani, 9 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Pole na kikohozi. Sisi tuko salama.

Barua yako ilifika miche ikiwa imeshalala chini. Nilikata shina kama ulivyosema. Bibi alishika glasi karibu na dirisha, na ule uzi mweupe ukashuka taratibu. Hakunicheka. Alisema tu, "Leta kiberiti." Tuta la bomba sasa lina mahindi, na jembe naliosha kila mara. Jedwali nimelirekebisha mstari kwa mstari, nimechapisha upya na kubandua ile ya zamani. Kwenye maelezo nimeandika wazi kwamba tuta lile lina ugonjwa, asije mtu mwingine akakosea kama mimi. Matuta mengine yote yamependeza.

Kuhusu safu ya mwisho, tutazungumza ukija.

Mwanao, Karani


Wodini, 20 Aprili

Karani,

Marahaba. Hatutazungumza nikija. Fanya sasa, unitumie nione.

Baba yako

Fundi saa naongeza: tafadhali mfanyie. Anaamka anauliza posta imekuja.


Nyumbani, 6 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umepata nafuu. Bibi anakusalimu, goti limetulia.

Nimefanya. Karatasi yenyewe hii hapa, jina langu mstari hadi mstari. Sasa ulale.

Mwanao


Wodini, 14 Mei

Karani wangu,

Marahaba, na asante. Nimeiona. Nimewaonyesha wodi nzima, hadi mfagiaji. Nimemwambia huyu ndiye mwenye kiwanja, mimi ni kibarua wake mgonjwa. Naiweka chini ya mto.

Baba yako


Nyumbani, 2 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali.

Tangu tulipokuzika sijashika kalamu isipokuwa darasani. Bibi hajambo kwa maana kwamba anakula. Jana ameniambia, "Mwandikie, maana mimi umenichosha kwa kuninyamazia." Kwa hiyo naandika, ingawa sijui kwa posta gani.

Nina jambo la kukueleza. Siku ile nilipokutumia karatasi, niliandika jina langu, nikachapisha nakala moja, kisha kompyuta ikaniuliza kama nihifadhi mabadiliko. Nikabonyeza hapana. Niliona kwamba nikikubali, nitakuwa nimekutoa nyumbani kwa kidole kimoja. Nilitaka wewe upate usingizi, na mimi nibaki na wewe kwenye safu. Nilidhani vyote viwili vinawezekana.

Kamati ilipita shule ikiwa imefungwa. Nyumbani kulikuwa na karatasi moja tu, ile ya ukutani. Niliibandua na kwenda nayo bondeni. Hata wakati ule nilijivunia. Ilikuwa na kila kitu: siku tulizopanda, mavuno niliyoongeza kwa kalamu, hata ugonjwa. Bwana Koti alikuwa ameshasema kiwanja hakina mlimaji. Mwenyekiti akavaa miwani, akateremka na kidole mpaka mwisho.

"Mhusika, Baba. Mhusika, Baba. Huyu si tulimzika juzi?"

Bibi akasema, "Anayelima ni huyu mtoto. Mtazameni mikono."

"Mtoto wa shule analima saa ngapi, mama?"

"Saa ambazo wewe unalala!"

Watu walicheka, hata Bwana Koti. Lakini mwenyekiti aliikunja karatasi akanirudishia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, karatasi mmeileta wenyewe. Mimi nitasema nini?"

Nilimwambia ipo nyingine, yenye jina langu. Akauliza iko wapi. Nikasema hospitali, chini ya mto. Aliponiangalia nilijua ananihurumia, na nilijua pia kwamba haitasaidia.

Matuta yote amepewa Bwana Koti, isipokuwa moja. Alipofika kwenye tuta la bomba aliichukua karatasi mkononi mwangu, akasoma maelezo niliyoandika, akarudi nyuma kama amekanyaga kaa la moto. "Hili silitaki. Lina ugonjwa, mtoto ameandika mwenyewe." Mwenyekiti akasema basi, la ugonjwa abaki nalo karani.

Fundi saa ameruhusiwa kutoka. Alikuja kutupa pole, akaileta ile karatasi ikiwa imekunjwa ndani ya boksi la miwani. Umeweka alama ya vema kwa penseli kila penye jina langu, mstari kwa mstari. Nyingine zimepinda sana. Bibi aliitazama muda mrefu, akaniuliza, "Na hii yako ilikuwa na kosa gani?" Niliikunja, nikairudisha ndani ya boksi. Hajaniuliza tena.

Mahindi ya tuta la bomba yamenipita kimo. Nikitoka pale lazima nipite katikati ya matuta yaliyokuwa yetu. Bwana Koti amejaza nyanya. Mara ya kwanza nilisimama na jembe lina udongo, na hakuna aliyekuwa ananiona. Kisha nikarudi bombani, nikaliosha, nikaosha na miguu. Zile nyanya hazijakosea kitu, na udongo ule ni wewe uliyeulainisha.

Leo shule imefunguliwa. Nimelifungua jedwali, nikafuta mistari yote ukabaki mmoja. Tuta la bomba. Mahindi. Maelezo: lina ugonjwa, linapumzika. Kwenye safu ya mwisho nimeandika jina langu.

Kompyuta imeniuliza kama nihifadhi. Safari hii nimekubali.

Mwanao,
Karani