Mvi za Ukoo Wetu

Uingereza,
Novemba

Kwako kaka Aloyce,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na pumzi, na neno hilo la pumzi sijaliweka kwa mapambo. Mama anaendeleaje na mguu wake? Mimi nipo, baridi imeanza, nakula, nakwenda kazini. Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako huzunguka nyumba nzima, na haya nataka uyasome peke yako huko migombani.

Uliniandikia kwa furaha kwamba Krismasi hii, mbuzi akichinjwa, wazee wameamua kidari, ile nyama ya kifua ya heshima kwa wenye mvi, upewe wewe, maana kichwa chako kimekuwa cheupe chote. Miaka thelathini na mmoja! Zamani ningecheka. Baba naye alipewa kidari akiwa kijana, babu hivyo hivyo, na sisi tukajivuna kwamba ukoo wetu huwahi busara. Kaka, tangu niisome barua yako nina hofu.

Unajua kazi yangu ni kuosha vyombo vya maabara. Mle wanachunguza ncha za nyuzi za urithi zilizo ndani ya miili yetu, wao huziita telomere. Unaikumbuka kamba ya mbuzi? Ncha ikifumuka, baba aliikata na kupiga fundo jipya, ikawa inafupika hadi mbuzi hafikii majani. Ndivyo mwili unavyozeeka, ncha hizo zikipungua kidogo kidogo. Nikamuuliza mama mmoja mtaalamu, mbona hamzirefushi? Akasema kansa ndiyo inayofanya hivyo: imejua kurefusha kamba yake, kwa hiyo haitaki kufa. Kisha akasema ziko familia zinazozaliwa na kamba fupi. Mvi huja mapema, halafu mapafu hukakamaa, au damu huharibika, na wengine hupata kansa.

Nilikwenda chooni nikalia. Baba alikufa kwa kikohozi kikavu kisichosikia dawa, tukasingizia moshi wa jikoni. Babu alipumzika mara tatu kutoka mtoni hadi nyumbani. Kumbe tulikuwa tunaupa ugonjwa kidari, tena kwa vigelegele.

Na wewe unawabebea watalii mizigo mlimani. Mwaka jana uliniambia kifua kinabana hata kabla ya kambi ya kwanza, nikakutania kwamba umezeeka. Nisamehe. Nakuomba usipande tena kabla ya kwenda hospitali. Mweleze daktari habari za baba na babu, na mvi pia, hata akicheka. Huenda nimekosea, mimi ni muosha chupa tu. Natamani niwe nimekosea.

Kidari kipokee, usiwavunjie wazee heshima. Nisalimie wifi, na baba mdogo anayetunza kahawa yetu, na mama zaidi ya wote.

Picha yangu nimeiweka humu. Mama atauliza kwa nini nimevaa kofia ndani ya nyumba. Mwambie ni baridi. Wewe ujue kwamba nilianza kwa kuzing'oa mojamoja, na sasa zimenishinda.

Mdogo wako akupendaye,
Felista