Gauni la Mkaja na Vidonge vya Boga

Kwako Bi Mwanamkasi, mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla sijaomba huo msaada naomba kwanza usinicheke, maana nimekwisha chekwa vya kutosha, nyumbani, kanisani na hata kisimani, na kalamu nayo si kazi yangu, nilisoma hapa misheni mpaka kitabu cha pili nikatolewa nilee wadogo zangu, basi nikikosea unisamehe, wewe soma tu uufahamu moyo wangu.

Jina langu Mbeyu, mke wa Kenga wa reli, twakaa Frere Town, na watoto Mungu ametujalia watano, wa kwanza Selpher na wa mwisho Dhahabu, huyu bado ananyonya, ana meno mawili tu. Selpher amechumbiwa na kijana wa Kikamba, Kioko, karani wa bandarini anayekaa Changamwe, kijana mpole mno, akiingia kwetu husema shikamoo hata kwa paka, na harusi itafungwa baada ya Pasaka. Sasa hapo ndipo mambo yangu yalipoharibikia.

Kioko aliambiwa na wenzake wa kazini kwamba huku pwani mtu haoi mpaka atoe kilemba cha baba na mkaja wa mama, naye kwa adabu yake akamwandikia mamake, Mwikali, aliyeko Machakos, na mkwe mwenzangu huyo Mungu ambariki hakutaka kutuma kitambaa kitupu kama wafanyavyo watu, akaona heshima ni kutuma kilichoshonwa tayari, koti la Kenga na gauni langu, vikaja kwa treni vimefungwa katika karatasi. Koti likamkaa Kenga utadhani kapimiwa. Gauni nalo, Bi Mwanamkasi, ni zuri, samawati, kola nyeupe, vifungo vinang'aa mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni, tangu vita sijaona kitambaa kama kile. Lakini Mwikali alimpa fundi mwili wake mwenyewe apime, na Mwikali ni mwembamba kama ufito, na mimi ni mwanamke wa watoto watano. Lilinikwama mabegani. Selpher akavuta, Kenga akavuta, nikabaki mle ndani mikono juu kama mwizi mbele ya askari, na wifi yangu Kahaso ameketi mlangoni anatafuna muwa, akatema makapi akasema, "Mtoeni taratibu, gauni likipasuka hatuna jingine, wifi tunaye siku zote."

Wakacheka. Nami nilicheka humo humo ndani ya gauni, nifanyeje? Lakini walipotawanyika Kahaso akanijia jikoni akaniambia, "Nambie wifi, utavaa nini? Mkaja ukimkataa mama, ndoa ya binti haina radhi. Na ukilipanua, mamake Kioko ataona umemsahihisha kazi yake." Neno hilo likaniingia mwilini kama homa. Selpher ndiye mtoto wangu wa kwanza, nimemzaa kwa taabu, sitaki siku moja arudishwe kwangu watu waseme ni kwa sababu ya mabega ya mamake.

Basi kuna mtu anaitwa Boga auza dawa karibu na daraja la Nyali, huketi chini ya mwavuli, mtu mkubwa, akiinuka hushika mti kwanza, huyo akaniambia anavyo vidonge vya kukondesha wanavyokunywa memsabu wa melini ili waingie katika nguo zao za dansi. Vidogo, vyeusi. Kimoja asubuhi, kimoja magharibi, na sima nisiiguse, ninywe chai kavu tu. Nikavinywa. Na vyafanya kazi, sitasema uongo, gauni sasa lapita mabegani, lashuka, limebaki kukataa vifungo vitatu vya kiunoni.

Lakini uchovu, Bi Mwanamkasi! Si uchovu wa kazi, ule naujua, nimekua nao. Huu ni mwingine. Nikiinua debe la maji miguu yageuka pamba, nimekaa njiani nikapitwa na vikongwe. Mikono yatetemeka nikikata mchicha. Nikilala moyo wanienda mbio kama mtu anayefukuzwa, na mimi nimelala tu. Jumapili tulisimama kuimba, wenzangu wakaketi, mimi nikabaki nimesimama peke yangu nimesinzia mpaka Kahaso akanivuta kanga, kanisa zima likageuka. Sima nimeiunguza, chumvi nimetia mara mbili, na Kenga, ambaye hajui habari ya vidonge, aliweka sahani chini akaniuliza, "Mama Selpher, nilioa mke au nilioa gunia?" Nilimrudia Boga nikamweleza, akasema, "Mama, uchovu huo ni unene unaaga. Mgeni akiaga si humsindikiza?" Akanishauri nizidishe, kwa hiyo sasa nanywa viwili asubuhi na viwili magharibi.

Jambo moja jema ni kwamba Mungu ameniona, Dhahabu amekuwa mtoto mtulivu mno. Zamani alikuwa akililia ziwa mchana na usiku, mkali kama siafu, sasa analala tu, nikimlaza mkekani hunitazama, hanisumbui, nikichelewa kumnyonyesha hanidai. Kahaso asema mtoto huyu ana akili, ameona mamake amechoka. Bila hivyo sijui ningeweza vipi.

Sasa ombi langu ni hili. Nipe dawa ya kuondoa uchovu, iwe mizizi, iwe chai, iwe sala, nifike kanisani siku ya mwanangu niko macho. Ila vidonge tafadhali usiniambie niviache, vimebaki vifungo vitatu tu.

Mimi mwanao katika shida,
Mbeyu, Mama Selpher

*

Marahaba, Mbeyu. Jibu hili nimempa mtu akuletee mkononi kabla gazeti halijachapwa, na sababu utaiona mbele. Wasomaji wengine watalisoma hapa, wajifunze kwa mgongo wako.

Umeniomba nisikucheke. Umechelewa. Nimekucheka tangu mikono ilipokwama juu, na nikaendelea kukucheka ulipofika kwa Boga. Mwanamke mzima, mama wa watoto watano, unanunua dawa ya kukonda kwa mtu asiyeweza kuinuka bila kushika mti! Hukujiuliza, mwenzangu? Dawa ingekuwa dawa, Boga angekuwa wa kwanza kuinywa. Memsabu gani wa melini huja kununua vidonge chini ya mwavuli wa Nyali? Na ulipomrudia kumwambia vinakuua, akakuambia uzidishe, ukazidisha! Akikuambia ujitose majini utamuuliza ni upande gani wa daraja.

Wataka dawa ya uchovu lakini kinachochosha nisikiguse. Ni kama mtu aniulize jinsi ya kutoa moshi nyumbani na moto asiuzime. Uchovu wako hauna siri wala jini, Mbeyu. Wachota maji, watwanga, wapika, wanyonyesha, na tumboni mna chai kavu na vidonge usivyovijua jina. Punda wa mkokoteni akinyimwa majani huanguka njiani, na hapana mtu atakayetafuta mizizi ya kumwamsha. Humpa majani. Na huo moyo unaokwenda mbio nawe umelala, huo si unene unaoaga. Ni wewe unayeaga.

Tuje kwa wifi yako. Mimi nimezaliwa Kibokoni, hapa hapa pwani, mamangu na bibi yangu wamezaliwa Kibokoni, na mikaja niliyoiona ikitolewa hata sikumbuki yote. Sijaona hata mmoja uliovunja ndoa kwa sababu ya vifungo. Kahaso hilo kalitoa wapi? Kalitoa kwenye muwa. Lau angekuwa na huruma na Selpher angekuja kwako na sindano, asingekuja na maneno. Na wewe Kenga, najua utasomewa hili: mke anasinzia amesimama mbele ya kanisa zima, wewe wauliza habari ya gunia? Gunia hujazwa, bwana. Mkeo umemtazama akiwa na tumbo tupu usione kitu, kwa kuwa koti lako limekukaa.

Nawe Mbeyu, wajua mkaja ni nini? Ni kitambaa anachofungwa mzazi tumboni akisha kujifungua. Kwa hiyo mkwe humpa mama wa bibi arusi, kumwambia: tumbo hili lililomzaa mke wangu nimeliona, nalifunga kwa heshima. Tumbo ndilo linalotunzwa. Wewe umelichukua tumbo lile lile ukaliua kwa njaa ili kitambaa kipite! Ingekuwa Mwikali anajua, angelia. Yeye alikutumia heshima, masikini, akakosea kipimo, basi. Mtu wa Machakos hakuzaliwa na futi ya kupima watu wa Frere Town.

Mpaka hapo nilikuwa nacheka. Kisha nikafika kwa Dhahabu, nikaiweka barua chini.

Mbeyu, nisikilize sasa kama unavyomsikiliza mamako. Mtoto wa meno mawili hana akili ya kumhurumia mtu. Akishiba hucheza, akiwa na njaa hulia. Akilia akakosa, akilia tena akakosa, hufika siku akanyamaza, kwa sababu kulia nako kwataka nguvu. Ule hauitwi utulivu. Alikuwa mkali kama siafu, na mtoto mkali kama siafu hageuki kuwa mpole bila sababu. Ama maziwa yamekauka, ama ulichokimeza kinamfikia, ama yote mawili. Umeliandika jambo hilo ukimshukuru Mungu. Mshukuru kwamba uliliandika.

Ukimaliza kusoma mstari huu, inuka. Mchukue Dhahabu umpeleke hospitali, leo, si Jumatatu, si baada ya kufua. Vidonge vilivyobaki usivitupe, vifunge katika kitambaa uende navyo, umwonyeshe daktari, umwambie wanywa vingapi na tangu lini, na moyo wako jinsi unavyokwenda. Usimfiche kwa haya. Daktari amekwisha ona wajinga kukushinda, hutamshangaza. Umuulize mtoto apewe nini mpaka maziwa yarudi, ufuate neno lake, si la jirani. Kidonge kingine kisikupite kooni.

Kisha ule. Uji asubuhi, samaki na sima mchana, mboga ya nazi, ule mpaka ushibe, ukae kitako ukila, usile umesimama. Maji Kenga atachota. Hivi ana koti jipya, watu wamtazame vizuri kisimani. Kahaso naye na anawe mikono yenye muwa atwange, kwa kuwa anajua sana mambo ya radhi. Uchovu hautaondoka kwa siku moja. Uliingia polepole, utatoka polepole, na wewe usiufukuze kwa dawa ya mtu.

Gauni lipeleke kwa fundi, mwambie afumue ubavuni kote kuwili, atie kitambaa cheupe cha kufanana na kola. Wataona ndivyo lilivyoshonwa. Naye Kioko, kijana asemaye shikamoo kwa paka hawezi kumkasirikia mama mkwe. Mwambie waziwazi: mwanangu, mkaja umefika na nimeupenda, ila mimi ni mkubwa kuliko alivyonidhania mamako, nimeongeza kitambaa. Kama fundi naye akishindwa, basi livunje mishono yote, jifunge kitambaa chake tumboni juu ya kanga yako, uingie kanisani hivyo. Hapo utakuwa umevaa mkaja kweli, maana mkaja wa asili hauna vifungo.

Na siku hiyo Dhahabu umpakate mwenyewe, mbele. Akilia katikati ya harusi, akalia kwa sauti mpaka kasisi apotewe na maneno na Kahaso akupe jicho umtoe nje, usiinuke.

Mwache alie.

Bi Mwanamkasi