Mlango wa Baraza la Vuga

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Lushoto, 15 Aprili 1972

Jina: Dorkasi Hezekia
Umri: Miaka 41
Kazi: Mkulima
Makazi: Kwai

Mnamo tarehe 14 Aprili 1972, saa nane mchana, sisi akina mama wa darasa la kisomo tulifika Vuga na mwalimu wetu, Marietha, kuona jengo la zamani la baraza, ambamo machifu wa Usambara waliamulia kesi.

Tulipokewa na mlinzi wa jengo, Mzee Selemani. Tulimpa shikamoo, akaitikia, kisha akasema, "Viatu nje, mama zangu. Na mlango msiuguse." Mlango wenyewe ni ubao mmoja wa mti wa mkulo, mpana kuliko kitanda. Alisema aliyeuchonga kwa tezo ni babu yake.

Ndani mlinukia moshi wa zamani. Nguzo zimepanda mpaka shingo inachoka kuzitazama. Marehemu bibi yangu hakupata kuingia mle. Wanawake walisikilizia nje. Mimi nilisimama katikati.

Mvua kubwa ikaanza. Mlinzi akaufunga mlango kwa ajili ya upepo, akaenda nyuma kuzibua mfereji. Mara udongo wa mlimani ukaporomoka, ukausukuma ukuta wa nyuma. Nyumba ikapinda, boriti ikaukandamiza mlango, ukagoma kufunguka. Madirisha ni matundu tu, mtu hapiti. Ukuta ukawa unameguka. Tukapiga kelele.

Nikamsikia Mzee Selemani nje: "Kaeni mbali na mlango!" Kisha shoka. Alikuwa akipiga huku analia, nilimsikia waziwazi. Ubao ukapasuka, akatuvuta mmoja mmoja.

Marietha akamwambia, "Baba, tumetoka sote."

Hakusadiki. Aliingia mwenyewe, akapapasa kila pembe, ndipo akatoka. Ukuta ukaanguka nyuma yake.

Nasikia amewekwa ndani kwa kuharibu mali ya serikali. Nimeambiwa niseme nilichokiona tu. Nilimwona mzee akiikata kazi ya babu yake kwa ajili ya wanawake ambao hata majina yao hayajui. Sijapata kuona jambo kama hilo.

Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu, na nikiitwa mahakamani nitayarudia.

Sahihi: Dorkasi Hezekia

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajini Tobia, nikamsomea shahidi, akakubali ni sahihi. Mashahidi wengine wamesema vivyo hivyo. Mshukiwa ameachiwa leo jioni. Kabla ya kuondoka aliuliza kama akina mama walifika Kwai salama.