Mlango wa Chumba cha Mavazi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Wamemchukua! Mjukuu wangu Sindano — tunamwita hivyo kwa wembamba wake, hata kivuli chake kinapita tundu la kitasa — amechaguliwa kati ya watoto mia na ushee kucheza sinema. Ana miaka saba. Saluni nzima nimeitangazia, hata mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia nywele, asiyesikia kitu. Nikawaonyesha tena picha yangu juu ya kioo: mimi kwenye sinema, miaka minane, chozi moja shavuni. Picha hiyo ilibandikwa kwenye kuta za mji mzima. Shule niliishia darasa la nne, lakini ndege nilipanda kabla ya mwalimu wangu. Nikawaambia kama kawaida: nililia kwa amri. Unanihesabia moja mpaka tatu, chozi hilo. Mteja mmoja akataka anihesabie hapo hapo. Nikamwambia atulie, nisije nikamchoma sikio na pasi ya nywele.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mwongozaji ni kijana wa kofia, haivui hata akila. Nimemwita Kofia. Naye ananiita Bi Nyota — mtu mwenye adabu zake! Akizungumza na Sindano anapiga magoti, macho kwa macho. Nimemkagua, amepita.

Chumba cha mavazi kinanuka kama vile vya zamani: pasi, vumbi, jasho la watu wengine. Nilisimama mlangoni. Sikuingia.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Sindano hawezi kulia.

Tukio lenyewe ni fupi. Mtoto anaambiwa mama yake hatarudi tena. Wamelirudia mara kumi na moja. Kitunguu, wapi. Matone ya macho, Kofia kasema yanaonekana ni maji tu, anataka chozi lenye mwenyewe.

Nyumbani nikamkuta bafuni mbele ya kioo. Anahesabu. Moja, mbili, tatu. Anajitazama. Moja, mbili, tatu. Amejifinya mkono mpaka umevimba. Akaniambia, "Bibi, mimi sina kipaji chako."

Nikamtoa bafuni, nikaupaka mkono wake mafuta.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Leo nimemwambia Kofia ukweli. Marehemu mume wangu hakuujua. Mwanangu haujui. Nimemwambia Kofia ili amwache mtoto, atumie matone yake, yaishe.

Sikulia kwa amri. Mwongozaji wa sinema yetu ile, mzee mmoja, alinipakata, akaniambia mama yako amegongwa na gari asubuhi hii, amekufa. Kamera ilikuwa inakwenda tayari. Nililia mpaka nikajikojolea. Kwenye picha haionekani, waliikatia kiunoni. Halafu wakafungua mlango wa chumba cha mavazi, mama akatoka mzima, anacheka na kufuta macho. Kumbe alikuwa humo muda wote. Aliambiwa akae kimya, akakaa. Nikamkimbia kama mzuka. Wiki nzima sikugusa alichopika.

Alipokufa kweli nilikuwa mtu mzima. Nilikaa msibani macho makavu. Nikawasikia wanong'onaji: moyo wa staa huo. Wasijue machozi yake nilishayamaliza, na watu walishakata tiketi kuyatazama.

Mimi na mama hatukulizungumza jambo lile hata siku moja. Nikachagua kujisifu. Ilikuwa rahisi kuliko kumuuliza: Mama, kule ndani ulikuwa unanisikia?

Kofia alisikiliza vizuri sana. Alivua kofia. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza tukio lile lilipigwa picha mara ngapi. Mara moja tu, nikasema. "Mara moja," akarudia, polepole.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimesuka vichwa vitatu huku naimba.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Naandika kwa penseli ya nyusi. Kalamu iko kwenye mkoba, mkoba uko nje.

Mwanangu, mama yake Sindano, ni nesi. Leo alikuwa na mapumziko, akaja kumtazama mtoto. Tulikaa bega kwa bega. Nikaenda msalani. Kurudi, kiti chake kitupu. Nikamuuliza mpambaji. Bila kuinua macho akanijibu kwamba ameombwa akae chumba cha mavazi kidogo, mtoto asimwone.

Miguu yangu ilielewa kabla ya kichwa.

Kule kwenye taa Kofia amepiga magoti, mkono begani mwa Sindano. Kofia iko sakafuni. Nikamsikia anaanza: "Mwanangu, nina habari ya mama yako —"

Nikakatiza mbele ya kamera. Nilikanyaga waya, kitu kikaanguka, mtu akanitukana tusi ambalo hata mimi sikulijua. Nikamshika Sindano mkono tukatoka mbio, mwanamke wa miaka sitini, na magoti yangu haya.

Sasa tuko chumba cha mavazi, sisi watatu, nimefunga kwa ndani. Mwanangu amekaa juu ya rundo la makoti. "Mama, kulikoni? Kasema ni dakika mbili tu." Sindano alimwona, akampanda mapajani kama kawaida. Hakumkimbia. Nimewaomba waniache niandike kidogo kwanza, halafu nitasema.

Kofia anagonga. Sauti ile ile ya upole. Jua linatuacha, Bi Nyota. Tukio moja tu. Kisha, karibu kabisa na mbao: "Si wewe uliyenifundisha?"

Sindano ananitazama usoni, kwa makini, kama fundi anavyomtazama fundi mwenzake.

"Bibi, kumbe unaweza kulia kweli. Na hakuna hata aliyekuhesabia."

Mwanangu ameuliza tena. Mlango unagongwa tena. Ufunguo ninao mimi.